Mbwa kalewa uraka, msimcheke: maswali mnayoniuliza kila msimu wa mabibo

Kuanzia mwezi wa 10 hivi mabibo yanajaa chini ya mikorosho, kuanzia Tandahimba huko mpaka Nachingwea, watu wanaanza kukamua maji yake na kuyachachusha iwe pombe ya uraka, na mimi kwenye kazi hii ya mifugo simu zinabadilika, badala ya kuku na mbuzi naulizwa habari za mbwa waliolewa. Nimeyaweka maswali kama mlivyoyauliza.

Dokta, mbwa wetu kalamba uraka wa kwenye sufuria, anayumba watoto wanamcheka hawana mbavu. Si atalala akiamka yuko fresh?

Wapo wanaoamka, ndo maana watu mmezoea. Ila pombe ikiingia kwa mbwa inafika kwenye damu fasta, tumbo likiwa tupu unamuona anayumba ndani ya nusu saa tu, na hawa mbwa wetu wa kufukuza ngedere na nguruwe pori shambani muda mwingi tumbo ni tupu kweli. Sasa kuyumba kwenyewe hakumuui. Kinachomuua ni kwamba mwili unapoa, sukari kwenye damu inashuka, damu inakuwa na asidi nyingi na ile sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi inazimika polepole. Kwa hiyo pale mnaposema "kashalala huyo, muacheni" ndo penyewe pa kuogopa, maana mbwa aliyelala kwa pombe na mbwa anayekata roho kwa mbali wanafanana. Mguse. Ukimwita hainui hata sikio, fizi zimepauka, masikio na miguu ya baridi, anapumua chini ya mara 10 kwa dakika, huyo hajalala huyo.

Kiasi gani kinaua?

Vitabu vyetu vinasema kiwango cha kuua kinaanzia gramu 5.5 za pombe tupu kwa kila kilo ya mbwa. Tupige hesabu: mbwa wa kilo 10 ni gramu 55, yaani kama mililita 70 za pombe isiyochanganywa na kitu. Kwenye bia ya asilimia 5 hiyo ni kama lita 1 na nusu kasoro, hapo mtu anasema aah mbali sana. Haya njoo kwenye pombe kali ya asilimia 40, ni mililita 175 tu, hata robo lita haifiki. Na mtoto wa mbwa wa kilo 2? Mililita 35. Vijiko viwili vikubwa na kidogo. Halafu nipa ya mtaani, yaani gongo ya mabibo, haina lebo, hakuna anayejua ina nguvu kiasi gani, hata aliyeipika hajui, so usinipigie ukasema "kanywa kidogo tu". Na hicho ni kiwango cha kuua, kuumwa kwenyewe kunaanza mapema zaidi ya hapo.

Mbwa wangu hajagusa pombe kabisa, kala unga wa maandazi niliokuwa nimeuacha uumuke, sa hivi tumbo limejaa na anayumba kama mlevi. Inawezekana?

Inawezekana sana mama, na hii mimi naiogopa kuliko uraka. Hamira inapenda joto, na tumboni kwa mbwa kuna joto la nyuzi 38 mpaka 39, yaani umeihamishia mahali pazuri zaidi ya pale jikoni kwako. Unga unaendelea kuumuka humo humo, unatoa gesi na unatengeneza pombe kwa wakati mmoja, kwa hiyo mbwa analewa huku tumbo linatanuka, na likitanuka sana linaweza kujipinda na hapo ni operesheni au ndo basi. Usimpe maji ya moto wala uji, usisubiri ajisaidie, mpeleke. Unga uliokwisha kupikwa, mkate, andazi lenyewe, hauna shida hii maana moto umeshaua hamira. Wapika maandazi wengi wanakanda usiku wanafunika na kitambaa wanaweka chini, jamani wekeni juu na mfuniko mzito.

Na makapi ya mabibo? Tunayamwaga nyuma ya nyumba.

Yakikaa yanachacha na yanakuwa na pombe, sawa na mabibo yaliyooza chini ya mti, sawa na machicha ya pombe ya mtama. Utamu na harufu ndo vinawavuta. Fukia au mwaga mbali. Mnaowapa nguruwe machicha, banda lifungwe mbwa asiingie.

Ni usiku, niko kijijini, daktari yuko Masasi mjini. Nifanye nini?

Kwanza nikwambie usifanye nini, maana hapa ndo mbwa wengi wanamaliziwa. Usimwagie maji baridi ati azinduke, mwili wake tayari unapoa wewe unamuongezea. Usimpe kahawa, kahawa yenyewe ni sumu kwa mbwa. Maziwa hayakati pombe, mafuta ya kula hayakati, na mkaa mliousikia unanyonya sumu, kwa pombe haufanyi kazi ya maana. Na usimtapishe kwa chumvi au kumtia kidole, mbwa aliyelewa akitapika matapishi yanaingia kwenye mapafu na chumvi nyingi nayo inaua.

Cha kufanya, mtoe kwenye sakafu ya sementi, mlaze kwa ubavu juu ya gunia au kanga nzee, shingo imenyooka, kichwa kishuke kidogo ili akitapika yatoke nje, mfunike. Kama yuko macho na anameza vizuri mpake asali kidogo au maji ya sukari kwenye fizi, hasa watoto wa mbwa, kama hamezi usimtie chochote mdomoni. Kaa naye, mgeuze, hesabu pumzi, na mpigie ofisa mifugo wa kata usiku huo huo hata kama atakununia. Akifika kwa daktari atawekewa dripu na glukosi, atapashwa joto, ataangaliwa pumzi. Hakuna sindano ya kukata pombe, msitapeliwe.

Nikisema ni nipa si ataniitia polisi? Gongo ni haramu.

Kaka, daktari anataka kujua mbwa kala nini, saa ngapi na kiasi gani, basi. Ukimdanganya "kala sumu ya panya" atapoteza muda kutibu kitu kingine kabisa. Hili nalisikia kila msimu na linaudhi.

Nitajuaje ni pombe na si kichaa cha mbwa?

Swali zuri sana. Kulewa kunaanza ghafla, muda mfupi baada ya kunywa, mdomo unanuka pombe, na akipona anakuwa na nafuu ndani ya siku 1. Kichaa kinazidi siku hadi siku, mate, taya kulegea, hawezi kumeza, anabadilika tabia, anang'ata hovyo, na hamalizi siku 10 tangu dalili zianze. Halafu kuna sumu ya dawa za wadudu za mikorosho, hiyo mate yanamwagika, mboni za macho zinakuwa ndogo kama nukta, misuli inacheza cheza, anaharisha. Kama hujui mbwa kanywa nini, mchukulie ana kichaa, usiingize mkono mdomoni. Akikung'ata au akikuparura, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali kwa chanjo, usingoje kuona kama alikuwa kalewa tu.

Sanitaiza je?

Zile ni pombe asilimia 60 na kuendelea, chupa ndogo inatosha kumlaza mbwa mdogo. Ile spiriti ya kusafishia vidonda nayo usiiache chini.

Kaamka asubuhi, nimpe nini?

Maji kidogo kidogo kwanza, akiyashika bila kutapika mpe uji mwepesi au ubwabwa laini baada ya masaa kadhaa. Mfunge kivulini siku hiyo, asiende shamba. Akianza kukohoa au kupumua kwa shida siku ya pili au ya tatu, kuna uwezekano matapishi yaliingia kwenye mapafu, mrudishe kwa daktari.