Kwa nini leseni ya mnasihi wa waraibu haivuki mpaka wa jimbo Marekani?

Katika jiji la Kansas City ipo barabara iitwayo State Line Road. Ukiifuata kuelekea kusini, mkono wako wa kushoto ni jimbo la Missouri na wa kulia ni jimbo la Kansas. Dereva anavuka apendavyo, kwa kuwa leseni ya udereva ya jimbo moja inatambuliwa kote nchini. Mnasihi anayewasaidia watu kuacha pombe na dawa za kulevya hana uhuru huo. Akitaka kuhamishia ofisi yake ng'ambo ya barabara, itabidi kwanza akubaliwe na jimbo la pili.

Na huko atakuta mambo tofauti kabisa. Missouri, mnasihi wa waraibu hupewa cheti na chombo kiitwacho Missouri Credentialing Board, na zipo ngazi za cheti hicho ambazo mtu huzifikia bila kuwa na shahada. Kansas inatoa leseni ya serikali kupitia bodi yake ya taaluma za tabia na jamii, nayo leseni hiyo inaanzia kwenye shahada ya kwanza. Mtu aliyewahudumia waraibu miaka mingi upande mmoja anaweza kuambiwa upande wa pili kwamba hajasoma vya kutosha.

Je, nchi moja imefikaje hapo?

Katiba ya Marekani haiipi serikali kuu mamlaka ya kuamua nani awe daktari, muuguzi au mnasihi. Marekebisho ya Kumi ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanasema mamlaka ambayo serikali kuu haikupewa hubaki kwa majimbo au kwa wananchi. Jambo hili lilijaribiwa mahakamani na Frank Dent, aliyekuwa akitibu wagonjwa West Virginia tangu mwaka 1876. Jimbo lilitunga sheria ya kumtaka kila daktari awe na hati ya bodi ya afya. Dent akawasilisha diploma ya chuo kimoja cha Cincinnati, katika jimbo la Ohio. Bodi ikaikataa. Akaendelea kutibu, akashtakiwa, akatozwa faini ya dola 50, na mwaka 1889 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba jimbo lilikuwa ndani ya haki yake. Tangu hapo, bodi za majimbo zinazopima karatasi za wageni zimesimama juu ya msingi huo.

Lakini sheria peke yake haielezi kwa nini unasihi wa waraibu umetawanyika kuliko udaktari au uuguzi. Sababu kubwa ni jinsi kazi hii ilivyozaliwa. Katika miaka ya 1950, hospitali ya serikali ya Willmar, Minnesota, ilianza kuwaajiri watu walioacha pombe wawe wanasihi wa wale waliokuwa bado wanahangaika nayo. Sifa yao kubwa ilikuwa kwamba waliijua njia kwa kuipita. Wasomaji wa Zanzibar wataitambua hali hii, maana nyumba za upataji nafuu za visiwani nazo zimesimama kwa mikono ya watu walioacha dawa za kulevya wakageuka kuwasaidia wenzao.

Baadaye mashirika ya bima na Medicaid, mpango wa serikali wa kuwalipia matibabu watu wa kipato cha chini, yakataka kujua anayelipwa ana sifa gani. Kila jimbo likatafuta jibu lake. Moja likasema uzoefu wa kazi unatosha ukisimamiwa vizuri, jingine likadai shahada, jingine likachanganya vyote. Ndiyo maana hata vyeo havifanani: Texas wanaandika LCDC, Minnesota LADC, New York CASAC, Washington SUDP. California haitoi leseni ya jimbo kwa wanasihi hawa. Huko vyeti hutolewa na mashirika yaliyoidhinishwa na idara ya afya.

Pima mwenyewe majimbo mawili. Minnesota humtaka mwombaji shahada ya kwanza, saa 270 za masomo ya uraibu na saa 880 za mazoezi kazini. Texas inakubali stashahada ya miaka miwili, masomo ya saa 270 na mazoezi ya saa 300, lakini kisha inadai saa 4,000 za kazi chini ya msimamizi, yaani karibu miaka miwili ya ajira kamili, isipokuwa kwa mwenye shahada ya uzamili inayohusika. Kwa hiyo yule wa Minnesota amesoma zaidi na yule wa Texas amefanya kazi zaidi kabla ya leseni. Nani bora? Sioni kwamba swali hilo lina jibu, na hapo ndipo ugumu wote ulipo: bodi zinalinganisha vitu visivyopimwa kwa kipimo kimoja.

Wenye taaluma wenyewe waliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1981 bodi kadhaa ziliunda muungano unaojulikana kwa kifupi kama IC&RC, ukiwa na viwango vya pamoja na mtihani mmoja wa maswali 150. Mwenye cheti cha bodi mwanachama anaweza kuomba kihamishiwe kwa bodi mwanachama ya jimbo jingine bila kurudia mtihani. Wengi hukwama kwenye utaratibu: maombi huanzia kwenye bodi unayotoka, si unayokwenda, na cheti lazima kiwe hai siku hiyo. Mtu anayefunga virago, akahama, akakiacha cheti kiishe muda wake huku akitafuta nyumba, anaweza kuwa ameufunga mlango uliokuwa wazi.

Kuna jambo jingine linalowachanganya watu. Cheti kutambuliwa na muungano si sawa na kupewa leseni na serikali. Texas, kwa mfano, leseni hutolewa na tume ya afya ya jimbo, ilhali mwanachama wa IC&RC ni chombo kingine. Kwa hiyo swali la kwanza la anayehama ni hili: je, jimbo ninalokwenda linadai cheti, leseni, au vyote viwili?

Arizona ilijaribu njia pana zaidi. Mwaka 2019 lilikuwa jimbo la kwanza kupitisha sheria ya kutambua leseni za taaluma karibu zote kutoka majimbo mengine, mradi mtu awe amehamia huko, awe na leseni kwa angalau mwaka mmoja na asiwe na adhabu ya kitaaluma. Majimbo zaidi ya 20 yamefuata kwa namna zao. Ni hatua nzuri, ila haigusi shida ya anayeishi Missouri na kuvuka kwenda kazini Kansas kila asubuhi, wala ya anayewanasihi watu kwa video: kwa kawaida sheria inayohesabika ni ya mahali alipo mteja. Upo pia mkataba wa majimbo kwa wanasihi wa jumla wa afya ya akili, lakini mwenye leseni ya uraibu peke yake hamo. Wanajeshi na wenzi wao ndio waliopata nafuu ya kitaifa, kwa sheria iliyoanza Januari 2023.

Linaloniuma zaidi ni suala la rekodi ya jinai. Wanasihi wengi wa fani hii ni watu waliowahi kuwa waraibu, na baadhi yao walifungwa enzi hizo. Jimbo la kwanza lilichunguza, likasikiliza, likaridhika. Mnasihi huyo akihama, alama zake za vidole huchukuliwa upya na lile kosa la zamani huwekwa tena mezani, pengine mbele ya watu wasiojua chochote kuhusu maisha aliyoyajenga baadaye. Naelewa haja ya kuwalinda wateja. Lakini uamuzi wa bodi ya kwanza ungepaswa kuwa na uzito, hasa katika nchi iliyopoteza watu zaidi ya 100,000 kwa mwaka kutokana na dawa za kulevya katika mwaka 2021, 2022 na 2023.

Kinachomwokoa anayehama ni kumbukumbu zake. Saa za kazi husainiwa na msimamizi, na wasimamizi hustaafu, hufariki, vituo hufungwa. Nakala za saa hizo, maelezo ya kila somo ulilochukua na barua za wasimamizi zichukuliwe ungali kazini. Uthibitisho wa leseni wenyewe kwa kawaida hautumwi na mwombaji. Bodi ya zamani huupeleka moja kwa moja kwa bodi mpya.

Kwa Mswahili aliyetoka Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, safari ina hatua moja zaidi: shahada hupelekwa kwanza kwa shirika linalotathmini elimu ya nje. Mafunzo ya UTC, mtaala wa kimataifa wa tiba ya uraibu, yanayofahamika kwa wanasihi wengi wa Kenya, yanaweza kusaidia kuonyesha ulichosoma, lakini hayageuki leseni. Mara nyingi mlango wa kuingilia ni usajili wa mwanagenzi, ambao New York huuita CASAC-T na Texas huuita mnasihi mwanafunzi. Anaruhusiwa kuwahudumia waraibu kwa malipo chini ya msimamizi, huku saa zake zikihesabiwa.