Je, wajua vinavyopukutika roketi ikiruka ni nini?

Roketi ikiruka, video huonyesha vipande vyeupe vikimwagika ubavuni mwake. Ikishafika juu kabisa, vitu vinavyong'aa huelea mbele ya kamera. Video hizo zikifika kwenye simu zetu hapa Kampala huwa zimeshapewa maelezo: eti ni vyombo vya viumbe wa sayari nyingine.

Vile vyeupe ni barafu. Roketi nyingi kubwa hubeba oksijeni iliyofanywa kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 183 chini ya sifuri. Toa soda kwenye friji uiweke juani pale soko la Owino: chupa hutoka jasho papo hapo, maana unyevu wa hewani umegusa kitu baridi. Tangi la roketi nalo hutoka jasho, ila jasho lake huganda. Injini zikiwaka, mtikisiko huibandua barafu hiyo.

Huko juu macho hudanganyika kwa urahisi, kwa sababu hakuna mti wala nyumba ya kulinganishia. Kibanzi kama ukucha, kikiwa karibu na kamera, huonekana kama kitu kikubwa kilicho mbali. Mwaka 1962 Mmarekani John Glenn, akiizunguka dunia, aliona chembe kama vimulimuli nje ya dirisha lake. Miezi mitatu baadaye Scott Carpenter aligonga ukuta wa chombo chake kwa ndani, na chembe zikatimka. Zilikuwa barafu ya chombo chenyewe.

Lakini si kila kinachobanduka ni barafu, na hili lilitugusa sisi Waganda. Tarehe 7 Novemba 2022, saa saba na nusu mchana kwa saa zetu, roketi ya Antares iliondoka Wallops, Virginia, Marekani, na chombo cha mizigo kiitwacho Cygnus. Ndani yake ilikuwemo PearlAfricaSat-1, setilaiti yetu ya kwanza, kazi ya vijana wetu Edgar Mujuni, Derrick Tebusweke na Bonny Omara waliyoifanya Japani. Sehemu za roketi zilipokuwa zikiachana, kipande cha blanketi la kupunguza kelele kilichomoka kikanasa kwenye bawa moja la sola la Cygnus. Bawa likagoma kufunguka.

Cygnus ilisafiri kwa bawa lililobaki, ikafika Kituo cha Kimataifa cha Anga, wanakoishi wanaanga, baada ya siku mbili. Tarehe 2 Desemba, setilaiti yetu iliachiwa kutoka hapo ianze kuizunguka dunia.