Lumbesa ikifika kliniki

Lumbesa huzungumzwa kama dhuluma kwa mkulima: analipwa gunia moja, mzigo ni gunia na ushee. Mimi hukutana nayo kupitia mgongo wa aliyeishusha kwenye lori.

Mwaka jana alikuja kaka mmoja wa miaka 34. Kiuno kinamkata, ganzi imeshuka mguu wa kushoto hadi kidole gumba. Kwenye faili, kazi yake iliandikwa "biashara ndogondogo". Nikamwandikia dawa za maumivu, nikamwambia asiiname ovyo, akaenda zake. Baada ya wiki tatu karudi vilevile. Ndipo nikamuuliza swali ambalo tabibu Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliwahimiza wenzake wasilisahau, tangu mwaka 1700: unafanya kazi gani?

"Nashusha viazi sokoni, dokta."

Nikamwomba anionyeshe. Akanipa mgongo, akainama, akapeleka mikono nyuma ya shingo kusubiri mzigo. Niliona aibu. Daktari wa magonjwa ya kazini, na nilikuwa nimeisoma kazi ya mtu kwenye karatasi.

Tanzania, gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Lumbesa huvuka hapo. Lakini Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo wa mwanamume mmoja. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, huanzia kilo 23 katika kuinua kwa mikono, tena mzigo ukiwa karibu na mwili na bila kujipinda, kisha huzidi kupunguza hali inapoharibika. Kwa hiyo hata gunia halali la kilo 100 ni karibu mara mbili ya kile kikomo cha kilo 55. Kenya, kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kilo 50.

Wengi hudhani kinachoumiza ni kule kutembea na mzigo. Mimi naogopa zaidi nyakati mbili fupi. Ya kwanza ni pale wapakizi wanapoliachia gunia na mgongo ulioinama kulipokea kwa mshindo. Ya pili ni kulitupa chini huku kiwiliwili kikijipinda. Kati ya pingili na pingili kuna kitu kama kitakia: nje ni tabaka za nyuzi ngumu, ndani ni laini. Kukandamizwa na kupindwa kwa pamoja huchana zile nyuzi kidogokidogo, kwa miaka, mpaka siku ile laini ya ndani inapochomoza na kubana mshipa wa fahamu. Ganzi ya kidole gumba ilinielekeza kwenye mshipa wa tano wa kiuno.

Kuthibitisha kwamba kazi ndiyo chanzo si rahisi. Viuno huwauma hata makarani. Orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, ya mwaka 2010, inataja kwa jina magonjwa ya kiwiko, goti na kifundo cha mkono. Mgongo haukutajwa, unaingia kwa mlango wa "mengineyo". Na fidia? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi humlinda mwenye mwajiri. Huyu hulipwa kwa gunia, na kila lori lina tajiri wake.

Kwa hiyo hujitibu. Alikuwa akimeza diklofenaki kila asubuhi kabla ya kazi, kama chai. Hapo nilikuwa mkali: tumbo, figo na presha havivumilii mchezo huo. Sikumlaza kitandani; kulala sana huchelewesha kupona. Nilimwekea mazoezi, nikamsihi kwamba akishindwa kukojoa, au ganzi ikimshika sehemu za siri, aje usiku huohuo.

Nikamuuliza kama magunia ya kilo 50 yangemsaidia. Akacheka. "Vijana watabeba mawili mawili, dokta. Malipo ni kwa gunia." Ana hoja. Mizani peke yake haitatosha; linahitajika toroli, na toroli linahitaji sakafu isiyo na mashimo.

Siku hizi fomu yangu ina mistari minne chini ya neno "Kazi": unabeba nini, kilo ngapi, mara ngapi, kutoka wapi hadi wapi. Dada wa mapokezi analalamika kwamba foleni imekuwa ndefu.