Mikisa ya mama: ndani ibadilishwe, nje iachwe

Mtu akiniletea mikisa ya mama yake, yaani mashine ya kuchanganyia unga wa keki, ombi la kwanza huwa karibu lile lile: "Fundi, nataka irudi kama mpya." Kabla sijashika bisibisi, humwomba anionyeshe alama zilizo kwenye mwili wa mashine na anieleze zilitoka wapi. Hapo mazungumzo hugeuka. Rangi imechubuka hapa kwa sababu mama alizoea kugonga mwiko pembeni. Mikwaruzo hii ni ya pete yake, kila alipoinua kichwa cha mashine. Baada ya dakika chache mwenyewe huona kwamba tukipiga rangi upya, tutakuwa tumefuta kile alichokuja kuokoa.

Kwa hiyo nina msimamo, na wateja wangu wanaujua. Chochote cha ndani kinachoweza kumdhuru mtu au kuua mota nakibadilisha, hata kama ni cha kiwandani. Cha nje sikigusi bila ruhusa, isipokuwa kukisafisha.

Nyingi ninazopokea hapa Nairobi ni Kenwood Chef. Kenneth Wood alianzisha kampuni yake Uingereza mwaka 1947, na Chef ya kwanza, A700, ikatoka 1950. Ile ya mistari iliyonyooka ambayo watu wengi wanaikumbuka, A701A, umbo lake lilichorwa na Kenneth Grange mwaka 1960. Ziliingia jikoni kwetu bila taabu kwa kuwa volti zilikuwa zile zile na plagi ni ile ile ya pini tatu bapa. KitchenAid iliyobebwa kutoka Marekani ni habari nyingine: imeundwa kwa volti 120, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya hapa mota inaungua. Hiyo inataka transfoma ya kushusha umeme. Soma bamba la mashine kwanza, kila mara.

Kazi yangu huanzia kwenye kebo. Chef ya zamani inaweza kuwa na nyaya za rangi za zamani za Uingereza: nyekundu ni ya moto, nyeusi ni nyutro, kijani ni ya ardhi. Kebo mpya ni kahawia, bluu, na kijani chenye mstari wa njano. Mwili wa mashine ni chuma, na mikono ya mwokaji mara nyingi ina maji. Dada mmoja wa Buruburu aliniletea A701A ya marehemu mama yake, aliyekuwa akioka keki za harusi. Nilipofungua mashine, waya wa ardhi ulikuwa umekatwa na kukunjwa nyuma, ukafungwa tepu vizuri kabisa. Mtu alibadilisha kebo akaweka ya nyaya mbili kwa nje, na mashine ikaendelea kufanya kazi miaka mingi bila kinga yoyote. Siku hizi, kabla ya jambo lolote, naweka ncha moja ya mita ya umeme, ile inayolia njia ikiwa nzima, kwenye pini ndefu ya plagi, ambayo ni ya ardhi, na nyingine kwenye skrubu ya mwili. Isipolia, mashine haichomekwi. Fyuzi nayo naipunguza: mota hizi hazifiki ampea mbili na nusu kwa kazi ya kawaida, basi ya ampea 5 inatosha. Ile ya 13 itaacha kebo ipate moto kabla haijakatika.

Kisha naingia kwenye mota, na hapa ndipo napenda kukaa. A701A haina elektroniki. Kasi yake inatawaliwa na spidi gavana, kwa maana ile ile ya kwenye matatu: kidude cha kuzuia mwendo usipite kipimo. Mwishoni mwa mhimili wa mota kuna vizito vidogo vinavyotanuka kadiri kasi inavyopanda. Vikitanuka vinasukuma na kuachanisha ncha mbili za chuma, umeme unapungua, mota inalegea, ncha zinakutana tena. Hayo hutokea mara nyingi kila sekunde. Kitufe cha namba kinaamua tu ncha ziachane mapema au baadaye. Uzuri wake ni kwamba unga ukiwa mzito na mota ikianza kulemewa, ncha zinakaa pamoja muda mrefu zaidi na nguvu inaongezeka yenyewe. Ndiyo maana Chef ya zamani haishtuki ukiweka unga wa mkate.

Ukielewa hilo, dalili nyingi zinajieleza. Mashine inayokimbia kasi yote hata ikiwa namba moja, ncha zake zimegandana. Inayokwenda kwa kusitasita, ncha zimechimbika au zimeshika masizi. Nazisafisha kwa msasa laini sana, mikwaruzo michache tu, kisha nafuta kwa spiriti. Sambamba nazo kuna kapasita inayomeza cheche. Kapasita za karatasi za enzi hizo huvuta unyevu polepole kupitia nyufa za ganda lake, halafu siku moja zinatoa moshi na harufu kali jikoni kote. Sisubiri zife. Zile zinazokaa kati ya nyaya za umeme nazibadilisha kwa aina ya X2, inayostahimili kazi hiyo. Utaipata Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki hapa Nairobi. Usikubali ya kawaida kwa sababu tu namba za mikrofaradi zinalingana.

Brashi za kaboni, vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zikibaki chini ya milimita 6 naziondoa. Usipopata za saizi hiyo, chukua kubwa kidogo za drili uzisugue juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo, upande mmoja baada ya mwingine, hadi iteleze kwenye nyumba yake kwa uzito wake bila kuyumba. Ikikwama, itaacha kugusa inapolika na cheche zitakula komutata, ile pete ya shaba ambayo brashi hugusa.

Grisi ya gia huwa imegeuka nta ya kahawia. Naikwangua kwa kijiti, si kwa bisibisi, naosha gia kwa mafuta ya taa, nakausha, kisha napaka grisi ya daraja la chakula. Paka meno, usijaze nyumba ya gia. Ikizidi itatafuta njia ya kushuka, na chini yake kuna bakuli. Mkanda wa mota una meno. Ukiwa unaacha unga mweusi, hesabu meno na upime upana kabla ya kwenda Kirinyaga Road kutafuta mwingine. Miguu ya mpira iliyoyeyuka kama lami inatoka kwa tapentaini na subira.

Kichapio cha alumini kisiingie kwenye mashine ya kuoshea vyombo wala sabuni kali. Kitageuka kijivu na kuacha weusi kwenye keki nyeupe.

Yule dada alikuwa na swali moja tu kuhusu nje: kuna ukoko wa aisingi ya waridi uliokauka ndani ya mkunjo wa kifuniko cha juu, je, nauondoa? Nilimwambia hauko karibu na chakula wala umeme, aamue mwenyewe. Akasema niuache. Niliosha kila mahali kuuzunguka kwa mswaki na maji ya vuguvugu.

Mwisho narekebisha kimo. Kuna nati kwenye mhimili wa kichapio. Ilegeze, zungusha mhimili hadi kichapio karibu kiguse sakafu ya bakuli bila kuikwaruza, kisha kaza. Hili wengi hawalijui, na ndilo chanzo cha sukari kubaki chini bila kuchanganyika. Jaribio la kwanza nalifanya bila mzigo, la pili kwa mayai, la tatu kwa unga kidogo wa chapati kwenye namba ya chini, mkono wangu ukiwa juu ya mota. Joto la kawaida sawa. Ikichoma kiganja, nazima na kurudi kwenye brashi na bushi zinazoshika mhimili kabla ya kumpigia mwenyewe simu.