Barua taka zinapotoka kwako mwenyewe

Simu iliita Jumatatu asubuhi, ile baridi ya Juni ya Mbeya ambayo vidole havitaki hata kushika kibodi. Alikuwa mhasibu wa kikundi cha wauzaji parachichi kule Rungwe. "Mwanangu, mnunuzi wa Uholanzi anasema ankara hajaiona. Nimeituma mara tatu!" Nikamwambia, mama, mwombe aangalie folda ya Taka. Zote tatu zilikuwa humo.

Watu wakinilalamikia barua taka huwa wanazungumzia zinazoingia: umeshinda bahati nasibu, kuna urithi wa mjane fulani. Hizo siku hizi hazininyimi usingizi, maana vichujio vya Gmail na wenzake vinazinasa nyingi kabla hujaziona. Kinachonitoa jasho ni zinazotoka.

Nilipoingia kwenye seva yao, nilikuta foleni ya maelfu ya matangazo ya dawa za nguvu za kiume, yote yakitumwa usiku kupitia anwani ya mapokezi. Nenosiri la anwani hiyo lilikuwa parachichi2023. Roboti za kubahatisha manenosiri huanza na vitu kama hivyo: jina la biashara, jina la bidhaa, mwaka. Anwani ya IP ya seva ilikuwa imeshaingizwa kwenye orodha nyeusi ya Spamhaus, shirika linaloorodhesha seva zinazotuma barua taka, na kwa kuwa seva yenyewe ni ya kuchangia, majirani wasiojua lolote nao barua zao zilikuwa zinakataliwa.

Na hata asipoiba nenosiri, tapeli anaweza kutuma barua kwa jina lako. Chanzo ni cha zamani. SMTP, utaratibu unaosafirisha barua pepe, uliandikwa mwaka 1982 kwa ajili ya mtandao wa watu wachache walioaminiana. Haumuulizi mtumaji kitambulisho. Nyuma ya bahasha unaweza kuandika jina lolote, na posta itaipokea tu. Na dalili zilikuwepo: Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya DEC alituma tangazo la kompyuta kwa watu wapatao 400 wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Alikaripiwa sana, lakini mwenyewe amesimulia kwamba kompyuta ziliuzwa. Ugonjwa wote uko hapo.

Dawa yake ni rekodi tatu za DNS, lile daftari la anwani za intaneti, na kwa ofisi ndogo ni kazi ya nusu siku. SPF inataja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM inagonga muhuri ambao mpokeaji anaweza kuuhakiki. DMARC inamwambia mpokeaji afanye nini barua isipopita ukaguzi. Ofisi nyingi ninazozipitia, Mbeya hadi Mafinga, zina SPF iliyonakiliwa mahali na basi. Wachache walioweka DMARC wameiacha kwenye p=none, yaani mlinzi anayeandika namba za magari kwenye daftari huku geti liko wazi. Kuanzia hapo ni sawa. Soma ripoti ambazo wapokeaji wanakutumia wiki mbili tatu, maana haukosi kuibuka mfumo mliousahau, kama ile programu ya stakabadhi inayotuma kutoka seva nyingine. Kisha nenda quarantine (barua iwekwe kwenye Taka), halafu reject (ikataliwe kabisa). Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanazidai zote tatu kwa anayetuma barua nyingi; kwa Google ni kama 5,000 kwa siku kwenda Gmail. Sisi wadogo tunatakiwa kuwa na SPF au DKIM angalau.

Rekodi hizi hazimzuii tapeli aliyesajili jina linalofanana na lako, herufi l ikageuzwa kuwa 1. Huyo ni ndugu yake yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Wa SMS tunampeleka 15040, namba ya kuripoti utapeli. Wa barua pepe utamjua anapoleta akaunti mpya ya benki. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo zamani, siyo iliyo ndani ya barua hiyo.

Tulibadilisha manenosiri yote, tukawasha uthibitisho wa hatua mbili, nikaandika ombi la kutolewa kwenye orodha nyeusi. Alhamisi mama akapiga: ankara imeonekana. Na lile nenosiri jipya refu? "Nimeliandika kwenye kalenda ukutani, nisilisahau." Nilitaka kufoka, nikajizuia. Roboti hazipandi basi la Tukuyu kwenda kusoma kalenda.