Godoro jipya la matabaka na maumivu ya mgongo: maswali na majibu

Nimenunua godoro la matabaka matatu, lenye kava la zipu. Tangu nianze kulilalia naamka kiuno kinauma. Je, ni bovu?

Huenda ni zima, ila halijapangwa kulingana na mwili wako. Kwa kawaida tabaka gumu huwa chini, la wastani katikati, laini juu, na zipu imewekwa ili uweze kuyabadilisha. Mwili nao huchukua wiki mbili tatu kuzoea, hasa ukitoka kwenye godoro la sponji lililokwishabonyea.

Si tumeambiwa mgongo unataka godoro gumu kama ubao?

Tumeambiwa, na ushauri huo umetesa watu wengi. Mwaka 2003 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Hispania kwa watu wazima 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Wengine walipewa godoro gumu, wengine la ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, waliolalia la wastani ndio waliopata nafuu zaidi. Kiuno kina mpindo wake wa asili. Godoro gumu mno hukiacha kikielea huku nyonga na mabega yakibanwa.

Nitajuaje nibadilishe tabaka lipi?

Angalia panapouma. Ukilala ubavu bega likauma au mkono ukafa ganzi, juu ni pagumu mno, kwa hiyo tabaka laini ndilo likae juu. Kiuno kikiuma asubuhi kisha kikapoa ukishatembea, mara nyingi nyonga zinazama. Hapo lipandishe tabaka la wastani juu, laini lishuke katikati.

Kisha pima. Lala chali, ingiza kiganja chini ya kiuno. Kikipita na nafasi ikabaki, godoro ni gumu kwako. Kikikataa kabisa kuingia, unazama. Unachotaka ni kiganja kipite kwa kugusa juu na chini. Ukilala ubavu, mwombe mtu asimame nyuma yako atazame uti wa mgongo: uwe umenyooka kuanzia shingoni hadi kiunoni. Badilisha kitu kimoja tu, ukilalie kama wiki nzima, ndipo uguse kingine. Ukigeuza yote usiku mmoja hutajua kilichokusaidia.

Nimepanga kila namna, bado katikati panazama.

Inua godoro utazame chaga. Iliyopasuka au zilizoachana mno huharibu kazi yote ya matabaka, na watu wengi hulaumu godoro bure. Kaza chaga, ongeza nyingine. Kagua na shuka pia: likivutwa likabana sana, tabaka laini hushindwa kubonyea. Anayelala ubavu aweke mto katikati ya magoti, kiuno kitapumzika.

Ni lini niachane na godoro niende hospitali?

Nenda siku hiyo hiyo ukishindwa kuzuia haja au mkojo ukikataa kutoka, ukifa ganzi sehemu za siri, au miguu ikiishiwa nguvu. Maumivu yanayokuja na homa, jasho la usiku au kukonda nayo yanahitaji vipimo mapema. Kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo, nacho hutibika kwa dawa.