Kunyoa mbwa wa kipilipili nyumbani: mashine ndo ya mwisho

Watu wakinitafuta swali la kwanza huwa ninunue mashine gani, na mi huwa nawarudishia swali: chanuo la chuma unalo? Manake kwa hawa mbwa wa manyoya ya kujikunja, Poodle, Bichon Frise, Lagotto Romagnolo na machotara wote wa Poodle ambao siku hizi wamejaa kila kona, kunyoa ni kazi ya mwisho na kusema ukweli ndo nyepesi kuliko zote. Kazi yenyewe iko kwenye kuchana na kukausha. Chanuo lilipokwama mashine haipiti, hata uwe umenunua ya bei mbaya kiasi gani.

Kwa nini iwe hivo? Mbwa wengi wa manyoya ya singa nywele zao zinakua mpaka kiwango fulani zinagoma, baadae zinang'oka, unazikuta kwenye kochi na kwenye suruali nyeusi. Huyu wa kipilipili nywele yake inakaa kwenye hatua ya kukua muda mrefu sana kwa hiyo inarefuka tu, na ile inayong'oka haidondoki, inanasa kwenye mikunjo ya wenzake. Ndo unasikia watu wanasema ooh hawa hawapukutishi manyoya. Wanapukutisha, ila yanabaki humo humo. Sasa nywele mfu inajisokota na iliyo hai, mbwa anajikuna, analala upande mmoja, anavalishwa mkanda, analowa, linatokea fundo, mafundo yanashikana na kabla hujajua chini kabisa kwenye ngozi kuna dredi moja kubwa huku juu anaonekana fresh kabisa.

Kwa wenye machotara kuna kitu mjue. Mwaka 2009 watafiti walichapisha kwenye jarida la Science kwamba jeni 3 tu ndo zinabeba sehemu kubwa ya tofauti za manyoya ya mbwa: FGF5 ya urefu, KRT71 ya mkunjo, na RSPO2 inayoleta zile ndevu na nyusi. Kwa hiyo watoto wa tumbo moja, baba Poodle mama aina nyingine, mmoja anatoka kipilipili, mwingine mawimbi, mwingine karibu singa. Usinyoe wa kwako kwa kufuata video ya ndugu yake. Na kama bado mdogo subiri uone kipindi anachobadili manyoya ya utoto, kwa wengi ni kati ya miezi 6 na mwaka na kitu hivi, hapo mafundo yanazaliwa usiku kucha, umemchana jana leo yapo tena. Wengi wanakata tamaa kipindi hicho, na hapo ndo pa kukaza.

Haya tuje kwenye kuchana. Kinachoangusha watu wengi ni kupiga brashi juu juu. Brashi inateleza vizuri, mbwa anavimba kama yuko saluni, mwenyewe anaridhika, kumbe brashi imeishia katikati ya nywele. Ninavyofanya mimi, naanzia chini ya mguu, mkono mmoja unakandamiza manyoya yote kwenda juu mpaka naona mstari wa ngozi, nashusha kiasi kidogo tu cha nywele, nakichana, halafu nasogeza mkono juu kidogo nashusha kingine. Kila hatua ule mstari wa ngozi lazima uuone. Usipouona ujue unachana hewa. Brashi inayofaa ni ile ya waya nyembamba zilizopinda, na kabla hujaigusa kwa mbwa ipitishe kwenye ngozi ya mkono wako kwa nguvu ile ile unayotaka kutumia, ukiona umejikwaruza basi na yeye utamkwaruza, maana waya ukirudia rudia sehemu moja unaacha ngozi nyekundu inawaka. Ukimaliza na brashi ndo linaingia chanuo, lile lenye nusu meno mapana nusu ya kubana. Anza na mapana. Likipita kuanzia ngozini mpaka nchani bila kukwama, hapo pamekwisha, hamia kwingine.

Sehemu zinazojificha mafundo ni zile zile kila siku: nyuma ya masikio, makwapani, chini ya mkanda wa shingoni, katikati ya mapaja, shina la mkia, na pembeni ya mdomo ambako chakula na mate vinagandisha ndevu. Fundo dogo lishike kwenye shina kwa vidole ili mvuto uishie mkononi mwako usifike kwenye ngozi, ulifungue kuanzia nchani. Mkasi usiuingize hapo jamani. Ngozi ya mbwa inavutika, fundo linainyanyua inaingia ndani yake na wewe huioni, unadhani unakata nywele kumbe unakata mnyama. Vidonda vingi vya kunyolewa nyumbani vinaanzia hapo.

Kuoga ni BAADA ya kuchana. Narudia kwa sababu kila mtu anafanya kinyume: maji yanakaza fundo, ukimwogesha na mafundo yake yakikauka utakuwa umeyafunga rasmi. Shampuu izimue kwanza, suuza mpaka maji yatoke meupe halafu suuza tena, hasa tumboni na makwapani ambako povu linapenda kubaki na kumwasha. Taulo ni la kukandamiza, usimsugue.

Afu kukausha, na hapa ndo utajua aliyefundishwa na asiyefundishwa. Ukimwacha akauke mwenyewe manyoya yanarudi kujikunja, na ukipitisha mashine kwenye manyoya yaliyojikunja inakata moja ndefu moja fupi, mbwa anatoka na ngazi mgongoni. Unatakiwa ukaushe huku unachana, draya imeelekezwa pale pale brashi ilipo, sehemu moja mpaka ikauke na kunyooka kabisa ndo unaenda nyingine, zile ambazo hujazifikia zifunike na taulo zisije zikajikunja kabla hujafika. Draya za kukaushia nywele zetu ni kali, weka joto la chini na mkono wako uwe hapo hapo kwenye njia ya upepo, wewe ukiungua na yeye anaungua. Manyoya yakinyooka anakuwa mkubwa mara mbili na anachekesha, ila hapo ndo anakatika vizuri.

Ila kama ameshashikana mwili mzima, hayo yote sahau. Usimchane masaa matatu analia, ni mateso. Nyoa kwanza akiwa mkavu, bledi fupi (meno ya mashine yanayokata karibu na ngozi) ipite CHINI ya ile dredi, kati ya dredi na ngozi, baadae ndo aoge. Atatoka mfupi sana na utaona aibu kumtembeza, manyoya yataota. Chungulia ngozi, chini ya dredi huwa kuna unyevu, wekundu, kupe, wakati mwingine vidonda, ukikuta vidonda au harufu mbaya peleka kwa daktari wa mifugo. Na masikio yaliyokuwa na dredi nzito angalia sana: yakishanyolewa mbwa anayahisi mepesi anaanza kutikisa kichwa kwa nguvu mpaka mishipa ya ndani ya sikio inapasuka na sikio linavimba damu. Mfunge kitambaa laini kichwani kwa muda masikio yalale, kisibane shingo wala pua, na ukiona sikio limejaa kama mto usingoje kesho.

Sasa mashine. Ile ya kinyozi wa watu inaweza kunyoa unyayo na uso, lakini mwili wa Poodle inahema na kuzima, haikutengenezwa kwa manyoya mazito hivo. Chukua ya mbwa yenye bledi za kubadilisha. Na hapa kuna mtego wa namba. Kwa kinyozi ukisema namba 2 unapata ndefu kuliko namba 1, si ndio? Bledi za mbwa ni kinyume, namba ikipanda nywele inapungua. Namba 10 inaacha kama milimita 1.5, 7F milimita 3 hivi, 5F milimita 6, 4F karibu 9, 3F kama 13. Namba 30 ni nusu milimita, hiyo mwilini usiiguse peke yake, kazi yake nyumbani ni kuvalishwa vichanuo vya juu kwa wanaotaka manyoya marefu, na vichanuo hivo vinapita kwenye manyoya yaliyochanika kabisa tu, fundo moja na kinang'oka kinaruka. Ile herufi F usiidharau pia, ina maana meno yote yako sawa. Kwa namba 3 mpaka 7, zisizo na F zina meno marefu na mafupi yanayopishana, hizo zinaingia vizuri kwenye manyoya mazito ila zinaweza kudaka ngozi, kwa anayeanza aziache. Mimi ningesema nunua namba 10 na 4F au 5F basi, nyingine utaongeza ukizoea.

Mbwa kwanza aizoee. Mwekee mashine imezimwa mgongoni, mpe kitu kitamu, iwashe ukiwa nayo mbali, mpe, mguse kwa mgongo wa mashine ikiwa inanguruma tu bila kukata, mpe tena. Ikichukua siku kadhaa ichukue. Msimamishe juu ya kitu kisichoteleza, mkeka wa mpira unatosha, na usimwache juu ya meza hata kama unafuata maji tu, wanaruka hao.

Unaanzia nyuma ya shingo kuelekea mkiani, unafuata manyoya yanakolala. Ukienda kinyume inakata fupi zaidi kuliko namba ilivyoandikwa. Bledi ilale bapa kwenye mwili, usiisimamishe kama jembe, na usisukume, iache ikate kwa mwendo wake. Masikio yako yafanye kazi: mlio ukishuka ukawa mzito umezidisha mwendo au umegusa fundo, toa, chana, rudi. Mkono wa pili muda wote unavuta ngozi iwe tambarare mbele ya bledi.

Halafu joto. Bledi inachemka kimya kimya, na zile fupi ndo mbaya zaidi kwa sababu chuma kinagusa ngozi moja kwa moja. Kila baada ya dakika chache iguse kwenye kifundo cha mkono wako kwa ndani, ikikuumiza zima, badilisha bledi au ipumzishe juu ya kitu cha chuma baridi. Mafuta matone machache kwenye meno kabla ya kuanza na katikati ya kazi, futa yanayozidi. Mbwa aliyechomwa na bledi hutajua muda ule ule, utamwona usiku anajiburuza na kujilamba sehemu moja mpaka inakuwa kidonda.

Sehemu za kwenda taratibu. Kuna ule utando wa ngozi unaounganisha paja na tumbo, mwembamba kama karatasi, ukimvuta mguu unajinyoosha. Mashine ikiingia kwa ubavu hapo inapasua. Ubapaze kwa vidole viwili kwanza, namba 10, bledi bapa. Kwapa ni hivo hivo, na mguu wa mbele unyanyue kuelekea mbele, usiupanue pembeni, bega lake halikuumbwa kwenda huko na ndo maana anapigana na wewe ukidhani ni mkorofi. Pembeni mwa sikio kwa chini kuna kimfuko kidogo cha ngozi, kishike na vidole ndo upite, na ukingo wa sikio unanyolewa kutoka katikati kwenda nje. Mguu wa nyuma juu ya kisigino kuna kano imesimama kama kamba. Tumboni kuna chuchu, na dume naye anazo, watu wanasahau. Chini ya nyayo ondoa yale yanayozidi usawa wa unyayo tu, usichimbe katikati ya vidole.

Uso niliuweka mwisho kwa sababu akishachoka anatulia. Shika ndevu chini ya kidevu kwa upole, kichwa hakiendi popote. Kona za macho mkasi wenye ncha butu, umelala sambamba na pua, ncha isiangalie jicho hata sekunde moja. Akikataa mwache, uso unaweza kusubiri kesho.

Ukirudia kila wiki 4 mpaka 8 na ukachana kila siku au siku moja ndio moja siyo, itakuwa kazi ya saa moja na kidogo. Bledi zipige brashi, zipake mafuta, zihifadhi kavu. Ikianza kuvuta nywele badala ya kukata ipeleke ikanolewe, usimtese mbwa kwa kubana matumizi. Na siku ile ile usihangaike kusawazisha kila unywele ulioruka. Mwache alale, ajikung'ute, baada ya siku mbili mkunjo ukirudi zile ndefu zitajitokeza zenyewe, unapita na mkasi dakika tano.